Nchi Jirani: Hesabu ya wanafunzi ndiyo inayoleta mwalimu na mashine chuoni

Mfanyabiashara wa mpakani hukutana na kazi ya vyuo vya ufundi kila siku. Fundi anayechomelea bodi ya lori Namanga, fundi cherehani anayeshona sare za shule Taveta na fundi umeme anayefunga nyaya kwenye ghala jipya Tunduma, baadhi yao wamesomea vyuo vya serikali. Vyuo hivyo huendeshwa kwa fedha za umma, na sehemu ya fedha hizo hutoka kwa waajiri.

Ukiuliza kwa nini chuo kimoja kina mwalimu na mashine ilhali kingine kina jengo tupu, wengi watakuambia ni siasa. Siasa ipo. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye karatasi: idadi ya wanafunzi iliyoandikwa, na siku iliyopelekwa makao makuu. Makala haya yanaeleza jinsi mambo yanavyokwenda Kenya na Tanzania.

KENYA: CHUO NI CHA KAUNTI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Ndivyo vilivyokuwa vikiitwa polytechnic za vijana, na siku hizi huitwa vituo vya mafunzo ya ufundi. Vyuo vikubwa zaidi vya ufundi na polytechnic za kitaifa vilibaki kwa serikali kuu.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa walimu. Mkufunzi wa chuo cha kitaifa huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma jijini Nairobi. Mkufunzi wa kituo cha kaunti huajiriwa na bodi ya utumishi ya kaunti yake. Kaunti isipotangaza nafasi, bodi ya usimamizi ya kituo humlipa mwalimu wa muda kwa karo za wanafunzi. Karo zikichelewa, naye huchelewa kulipwa, na akipata kibarua kizuri mjini huondoka.

Kwa upande wa fedha, kiwango cha msaada wa karo kilichowekwa kwa vituo hivi kilikuwa Sh. 15,000 za Kenya kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 hadi 2020/21 serikali kuu ilipeleka kwenye kaunti ruzuku maalumu ya kukarabati na kuinua vituo hivyo, kiasi cha Sh. bilioni 2 kwa mwaka. Fedha hizo zilikuwa na jina lake. Kaunti haikuruhusiwa kuzihamishia kwenye barabara wala hospitali.

Mwaka wa fedha 2021/22 ruzuku hiyo ilifutwa na fedha zake kuunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti, ambao mwaka huo ulipanda hadi Sh. bilioni 370. Tangu hapo kituo cha ufundi hushindana na zahanati, maji na mishahara katika bajeti moja. Bunge la kaunti ndilo linaloamua. Mkuu wa kituo asiyekuwa na takwimu mkononi huingia kwenye mashindano hayo mikono mitupu.

TUPIGE HESABU

Chukua mfano wa kituo chenye wanafunzi 120 katika fani sita: umeme, uashi, uchomeleaji, ushonaji, magari na upishi. Kwa Sh. 15,000 kila mmoja, kituo kinastahili Sh. 1,800,000 kwa mwaka. Sasa tuseme orodha iliyopelekwa ina majina 90 tu, kwa sababu wengine 30 walijiunga baada ya orodha kufungwa. Fedha zinakuwa Sh. 1,350,000. Pengo ni Sh. 450,000, lakini wanafunzi 30 wako darasani, wanatumia vyuma, vitambaa na umeme uleule.

Tatizo la tarehe si dogo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mwanafunzi anayejiunga Septemba hakuwepo hesabu ilipofanywa. Kituo kinachopokea vijana wengi muhula wa tatu hubeba mzigo ambao bajeti haikuuona.

Kosa la upande wa pili lipo pia: majina ya walioacha masomo kubaki kwenye orodha. Hapo kituo hupata fedha zaidi ya kinachostahili, mpaka siku mkaguzi anapokuja kuhesabu vichwa. Akikuta majina 120 na vijana 80, hata madai ya kweli ya kituo hicho hayaaminiki tena. Anayeumia ni kijana aliyepo, si aliyeondoka.

TANZANIA: MWAJIRI NDIYE MLIPAJI

Kwa Tanzania Bara njia ni nyingine. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na vyuo vyake husimamiwa kitaifa, si na halmashauri. Mfuko wake mkubwa ulijengwa juu ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo waajiri huijua kwa jina la SDL. Mwajiri hukatwa asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa, na Mamlaka ya Mapato huikusanya. Mfanyakazi hakatwi.

Waajiri walilalamika kwa miaka mingi kuwa tozo ni kubwa, nayo ikashushwa. Ilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013, ikawa 5, mwaka 2016 ikawa 4.5, na kufikia Julai 2023 ilikuwa asilimia 3.5. Kwa mwajiri mwenye mishahara ya Sh. milioni 10 za Tanzania kwa mwezi, hiyo ni tofauti ya Sh. 600,000 na Sh. 350,000.

Lakini si yote iliyokwenda kwenye ufundi. Kwa miaka mingi theluthi moja ndiyo iliyokuwa fungu la mafunzo ya ufundi stadi. Theluthi mbili zilikwenda Hazina, na baadaye zikaelekezwa zaidi kwenye mikopo ya elimu ya juu. Kwa mfano wetu, fungu la ufundi ni Sh. 200,000 tozo ikiwa asilimia 6, na Sh. 117,000 hivi ikiwa 3.5. Unafuu wa mwajiri lazima ujazwe na mtu mwingine: ama waajiri waongezeke, ama Serikali iongeze kutoka bajeti yake.

Mwaka 2023 Serikali ilianza kujenga vyuo 64 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe, ambako ndiko kuna mpaka wa Tunduma. Majengo hujengwa mara moja. Walimu, vifaa vya karakana na umeme hulipiwa kila mwezi, na mahitaji hayo hukadiriwa kutokana na idadi ya wanafunzi kwa kila fani.

JE, KENYA HAINA TOZO?

Ipo. Mwajiri wa Kenya hulipa Sh. 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mwenye wafanyakazi 20 hulipa Sh. 12,000 kwa mwaka, wawe na mishahara mikubwa au midogo. Fedha hizo huelekezwa zaidi kwenye mafunzo ya wafanyakazi viwandani, na si mfuko wa kuendesha kituo cha kaunti.

KWA NINI MPAKANI HUSUSAN

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka na inataka nchi zitambuane vyeti. Cheti huanza na jina kwenye daftari. Kijana ambaye jina lake limeandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na namna nyingine chuoni atapata taabu siku ya kusajiliwa mtihani, na taabu zaidi siku ya kuombea kazi upande wa pili.

MAMBO YA KUULIZA

Mzazi, mwajiri au mjumbe wa bodi ya chuo anaweza kuuliza maswali haya bila kuwa mtaalamu wa hesabu:

1. Orodha ya mwisho iliyopelekwa kaunti au makao makuu ina wanafunzi wangapi, na leo wako wangapi karakana?
2. Kila fani ina mwalimu wangapi wa kudumu, na wangapi wanalipwa kwa karo?
3. Waliojiunga baada ya orodha kufungwa wameombewa fedha lini?
4. Kati ya walioanza kozi, wangapi walifanya mtihani?

Chuo kinachojibu maswali hayo siku hiyohiyo kina hoja ya kupeleka kwenye bajeti. Kisichoweza kujibu hakina budi kuanza na daftari lake, kabla ya kuomba jengo jingine.