Namna ya Kuisoma Riba ya Kadi za Mkopo

Benki Kuu ya Marekani hutoa kila mwezi taarifa ya madeni ya raia, na mara nne kwa mwaka, kwa miezi ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, hutia ndani yake wastani wa riba ambayo mabenki huwatoza wenye kadi za mkopo. Wengi huichukua hesabu hiyo kuwa dalili dhahiri ya hali ya uchumi: ikipanda, husemwa dhiki inakuja, ikishuka, husemwa faraja imewadia. Wasemao hivyo hawakukosa kabisa, walakini huchanganya mambo mawili ambayo, yasipotenganishwa kwanza, humfanya mtu adhani anatabiri yajayo, ilhali anasimulia yaliyokwisha kupita.

Riba ya kadi ni jumla ya sehemu mbili. Ya kwanza ni riba ya msingi, ambayo kwa desturi ya mabenki ya huko huizidi riba ya Benki Kuu kwa pointi 3 za asilimia, nayo hupanda au kushuka mara tu Benki Kuu inapokata shauri. Ya pili ni nyongeza ambayo benki hujiwekea yenyewe kwa ajili ya gharama zake, faida yake, na hofu ya wadeni watakaoshindwa kulipa. Maana deni la kadi aghalabu halina rehani, na mdeni akishindwa hapana nyumba wala gari la kutwaliwa. Sehemu ya kwanza ni habari ambayo kila mtu amekwisha kuisikia. Ya pili ndiyo ifichuayo siri ya mkopeshaji.

Na tuitazame miaka ya karibuni. Mwanzoni mwa 2022 riba ya msingi ilikuwa asilimia 3.25, na riba ya kadi kiasi cha 14.5. Benki Kuu, katika kupambana na mfumuko wa bei, ilipandisha riba yake tangu Machi mwaka ule hata Julai 2023, riba ya msingi ikafika asilimia 8.5, na kabla ya mwaka kwisha, ile ya kadi ilikuwa imepita asilimia 21. Atakayetoa moja katika nyingine ataona kwamba nyongeza, iliyokuwa kiasi cha pointi 11 na robo, imezidi 12 na nusu. Basi sehemu kubwa ya ughali ilitoka Benki Kuu, lakini zaidi ya pointi moja ilitoka kwa mabenki yenyewe.

Mwenye deni la dola 1,000, kwa asilimia 14.5, hutozwa kama senti 40 kila siku. Kwa asilimia 21, hutozwa zaidi ya senti 57, nazo zisipolipwa huingia katika deni na kuzaa riba nyingine. Jirani yake mwenye kadi kama hiyo, alipaye deni lote kila mwezi kabla ya siku ya mwisho, hatozwi hata senti moja. Ndiyo sababu taarifa ile hutaja wastani wa aina mbili: wa kadi zote, na wa wale waliotozwa riba kwa hakika. Agosti 2024 wa kwanza ulikuwa karibu asilimia 21.8, na wa pili karibu 23.4, yaani aliyelemewa na deni ndiye alipaye ghali zaidi.

Tena riba hii ni nzito kushuka. Mwaka 1991 mchumi Lawrence Ausubel alionyesha kwamba katika miaka ya themanini mabenki yalipata fedha kwa gharama iliyopungua sana, ilhali riba ya kadi ilikaa pale pale, karibu asilimia 18. Kwa hiyo ughali peke yake si ithibati ya dhiki.

Mwenye kutaka kuisoma vyema na aondoe kwanza riba ya msingi, kisha aiweke nyongeza iliyosalia kando ya madeni yaliyocheleweshwa, ambayo tawi la Benki Kuu la New York huyatangaza kila robo ya mwaka. Nyongeza ikipanuka pamoja na ucheleweshaji, wakopeshaji wameingiwa na hofu, na raia wamebanwa kweli. Ikipanuka ilhali watu wanalipa kwa wakati, tatizo si umaskini wa wadeni, bali ni uhaba wa ushindani baina ya wadai.