KUSHUSHA PIKAPU KUUKUU

Ukisimama kituo cha 46 pale Kawangware hukosi kuona pikapu kuukuu ikipita: Hilux ya zamani, Datsun 1200, au Peugeot 504, ile ambayo ndugu yake wa saluni alishinda Safari Rally mwaka wa 1975 akiendeshwa na Ove Andersson. Nyingi zimeinua matako juu. Mafundi wa jua kali wamezitia vyuma vya ziada kwenye springi ili zibebe viazi na makaa bila kulalamika. Lakini wako vijana mtaani wanaotaka kinyume chake, yaani gari ilale chini kabisa, ipendeze. Hubishana sana, na wengi wao hata springi yenyewe hawajawahi kuichungulia.

Hebu tuinamishe vichwa tuangalie. Nyuma ya pikapu kuna vyuma bapa virefu, vimepinda kama upinde na kulaliana. Yubolti ndizo zinazovibana kwenye ekseli. Njia rahisi ya kushusha gari ni kutoa chuma kimoja au viwili. Gari hushuka papo hapo, na vijana hushangilia. Kumbe kile chuma kilikuwa na kazi! Springi ya vyuma 5 vya unene mmoja ikibaki na 3, nguvu zake zimepungua kwa karibu asilimia 40, na vile vilivyobaki vinaumia zaidi.

Jirani yetu wa Makina, huku Kibera, ana Datsun ya kubebea viazi. Ndiyo inayolipa karo ya watoto wake. Kijana wake mkubwa alimsihi aishushe ili iwe ikikodishwa harusini. Nilifuatana nao hadi kwa fundi mmoja karibu na barabara ya Naivasha. Fundi alisikiliza, akacheka, akasema, "Mzee, Jumamosi harusi, sawa. Na viazi vya Jumatatu utabeba na mkokoteni?"

Kisha akatuonyesha njia ya pili: kipande cha chuma kizito kinachotiwa kati ya springi na ekseli, pamoja na yubolti ndefu zaidi. Springi haipunguzwi hata kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea. Ikiwa ekseli imekaa juu ya springi, kipande hicho hushusha gari. Ikiwa ekseli iko chini ya springi, kipande hicho hicho huliinua! Basi ingia chini ya gari uangalie kwanza. Tena kisiwe cha mbao. Mbao hupasuka, yubolti zikalegea, ekseli ikahama.

Mbele, gari nyingi za aina hii zina springi za kuzunguka. Kuna watu huzikata kwa moto wa gesi. Mimi sikubaliani nao hata chembe. Moto huua ugumu wa chuma pale ulipopita, na upande mmoja unaweza kulala kuliko mwingine. Isitoshe, springi fupi huweza kulegea na kutoka mahali pake gurudumu linapoanguka shimoni, na mashimo huku kwetu hayahesabiki.

Jambo jingine ambalo hata mafundi wengine husahau ni breki. Pikapu kama Hilux huwa na vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Mzigo ukilaza gari, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukishusha gari bila kuirekebisha, vali hudhani umebeba mzigo ilhali gari ni tupu. Siku ya mvua utakanyaga breki, magurudumu ya nyuma yafunge, na gari lizunguke kama pia.

Ni kweli gari lililo chini hukata kona vizuri zaidi, kwa sababu uzito wake uko karibu na ardhi. Lakini kipande cha inchi 2 hula inchi 2 za nafasi ya springi kucheza. Ukipakia magunia, ekseli itagonga chesisi kwenye kila tuta.

Jirani yetu alimwuliza fundi angebakiwa na magunia mangapi. Fundi akamwambia apunguze karibu nusu. Mzee alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akamwambia mwanawe, "Tutapaka rangi." Sasa Datsun ni nyekundu, matako bado yako juu, na imeshakwenda harusi mbili.