Safari ya Protini Ndani ya Seli ya Neva

Seli ya neva inayochezesha kidole chako cha mguu ina mwili wake ndani ya uti wa mgongo. Kutoka hapo hutoa mkia mwembamba uitwao aksoni, unaoweza kufikia urefu wa karibu mita 1. Lakini protini zake nyingi hutengenezwa kule juu, kwenye mwili wa seli. Je, zinafikaje chini?

Tuanzie kiwandani. Protini nyingi za kusafirishwa hutengenezwa na ribosomu zilizojishikiza kwenye mtandao wa utando uitwao retikulamu endoplazimu. Humo ndani hukunjwa zipate umbo lake, na zilizoharibika hutolewa zikavunjwe. Zilizo nzima hubebwa na vifuko vidogo vya utando hadi kwenye kifaa cha Golgi, ambako hukamilishwa na kupangwa kulingana na mahali ziendako. Camillo Golgi, tabibu wa Italia, alikieleza kifaa hicho mwaka 1898 baada ya kukiona katika seli za neva za bundi.

Kutoka hapo, vifuko hushikwa na mchukuzi aitwaye kinesini. Yeye hutembea juu ya vineli vyembamba mfano wa reli, kwa hatua za nanomita 8, na kila hatua hugharimu molekuli 1 ya ATP. Mizigo ya haraka huweza kwenda hadi milimita 400 hivi kwa siku. Mchukuzi mwingine, dainini, hurudisha juu vitu vilivyochakaa na taarifa za huko mwisho.

Njia hii ya kurudi ina hatari yake. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye ncha ya neva, vikadandia mzigo wa dainini kuelekea kwenye ubongo. Sumu ya pepopunda nayo hupanda vivyo hivyo hadi uti wa mgongo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Ila kabla ya hapo hupita muda, mara nyingi wiki kadhaa hadi miezi.

Katika falsafa tunafundishwa kutafuta sababu ya kila jambo. Basi hii ndiyo sababu ya kuambiwa tukiumwa na mbwa tuoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha twende kituo cha afya tukachanjwe siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na haliumi. Tuwahi kabla mzigo haujapanda.