Jinsi Mota ya Umeme Inavyojitajia Mwendo Wake

Mtaa wa Mbugangari umo katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, karibu na mpaka unaoitenga Rwanda na mji wa Goma. Katika mitaa ya namna hii mota ya umeme ni mtumishi asiyesifiwa. Ndiyo isagayo unga, ichanayo mbao na kupandisha maji vilimani. Ardhi ya eneo hili ni ya volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake hupenya kila tundu. Mota yenyewe huweza kulistahimili vumbi hilo. Katika mashine ambazo mwendo wake hupimwa, kinachoumia mapema ni kile kifaa kidogo kifungwacho kwenye ncha ya mhimili ili kuhesabu mizunguko.

Yafaa kwanza tujiulize: kuna haja gani ya kuijua kasi ya mota? Haja ipo, nayo ni ya fedha. Pampu yenye mapanga yazungukayo, ikipunguziwa mwendo kwa sehemu moja ya tano, hutumia takriban nusu tu ya nguvu iliyokuwa ikitumia, iwapo kazi yake ni kuyasukuma maji ndani ya bomba la tambarare. Ikiwa yapandisha maji mlimani, akiba hupungua, lakini ipo. Hata hivyo, mtu hawezi kuutawala vyema mwendo asioujua.

Kwa miaka mingi jawabu lilikuwa kukifunga kipimo kwenye mhimili. Lakini kipimo kina gharama, kina nyaya zikatikazo, na hakipendi mtikisiko. Aidha, ziko mahali ambapo hakifungiki kwa urahisi: pampu iliyozamishwa kisimani, au mashine ya jokofu iliyozibwa pamoja na gesi na mafuta yake. Ndipo wahandisi walipogeuka na kuiuliza mota yenyewe.

Tuitazame mota ya kawaida ya nyaya tatu za umeme, ya aina ambayo Nikola Tesla alipewa hataza zake mwaka 1888. Umeme wa Rwanda, kama wa nchi jirani, hukamilisha marudio 50 kila sekunde. Katika mota yenye ncha nne za sumaku, umeme huo huzalisha sumaku izungukayo mara 1,500 kwa dakika. Rota, yaani kile kipande kizungukacho katikati, huikimbilia sumaku hiyo wala haiipati kamwe. Sababu yake ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831: mkondo huzaliwa pale tu sumaku inapobadilika mbele ya waya. Lau rota ingeifikia sumaku, mkondo wake ungekufa, na nguvu ya kuzungusha ingekufa pamoja nao. Kwa hiyo mota ikiwa kazini huzunguka, tuseme, mara 1,450. Mzigo ukizidi, uchelewaji huzidi, na mkondo huzidi pia. Fundi mzoefu mwenye kipima mkondo huweza kuukisia mwendo kwa hesabu hiyo peke yake.

Iko na dalili nyingine, iliyojificha zaidi. Rota huwa na mifereji ya kulazia vyuma vipitishavyo umeme. Kila mfereji upitapo huutikisa mkondo kidogo sana. Rota yenye mifereji 28, ikizunguka mara 1,450 kwa dakika, huipitisha mifereji hiyo mara 677 hivi kwa sekunde. Mtikisiko huo huonekana ndani ya mkondo ukiwa umesogezwa juu au chini kwa 50, yaani kwenye 727 au 627. Kompyuta ndogo ikiutambua, yahesabu mizunguko pasipo kuugusa mhimili.

Njia itumikayo zaidi, hata hivyo, ni ya kukisia na kusahihisha. Mwaka 1964 Mmarekani David Luenberger alieleza jinsi hali isiyoonekana ya mtambo iwezavyo kujulikana kutokana na kile kinachoonekana. Ndani ya kifaa cha kutawala mota huwekwa mfano wa mota kwa hesabu. Mfano hutabiri mkondo. Mkondo halisi hupimwa. Tofauti ikitokea, kasi iliyokisiwa husahihishwa, mara maelfu kwa sekunde. Mvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu hufanya jambo lililo karibu na hilo. Usiku haoni chini ya maji, ila mkono ushikao kamba humwambia uzito wa wavu. Mwaka 1986 Wajapani Isao Takahashi na Toshihiko Noguchi walichapisha njia ya kuitawala nguvu ya mota moja kwa moja, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya ABB ikaanza kuuza vifaa vya jinsi hiyo visivyohitaji kipimo cha mhimili.

Lakini mfano huo una udhaifu wake. Mota ikisimama, au ikienda polepole mno, dalili zake hufifia. Ndiyo sababu pikipiki nyingi za umeme bado huwa na vitambuzi vidogo vya sumaku ndani ya mota, kwani haifai ianze kwa kubahatisha ikiwa na abiria mlimani. Wahandisi, miongoni mwao Robert Lorenz wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walitafuta dawa kwa kupenyeza ndani ya mota umeme mdogo wenye marudio ya kasi na kusikiliza jinsi unavyorejea. Dawa hiyo hufaa baadhi ya mota, si zote.

Udhaifu wa pili watugusa sisi zaidi. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 20 hadi 100 huwa umezidi kwa kama asilimia 30. Na katika nchi zetu mota iliyoungua haitupwi, bali husukwa koili upya. Waya ukiwa mwembamba kuliko ule wa kwanza, au mizunguko yake ikipungua, kibao cha kiwandani hakisemi kweli tena. Kifaa kikikiamini kibao hicho, hukisia mwendo usio wa kweli, huipa mota mkondo usioifaa, na koili huungua mara ya pili.

Kwa hiyo kukiondoa kipimo hakukuondoa kazi ya kupima. Kumeihamishia kwa fundi. Vifaa vingi vya siku hizi vina utaratibu wa kuipima mota kabla ya kuanza kazi. Fundi asiuruke. Kila koili inaposukwa upya, na aandike unene wa waya na idadi ya mizunguko, kisha akiache kifaa kiitambue mota upya. Mwenye mashine naye adai kuiona kazi hiyo ikifanywa kabla ya kulipa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.