Utajiri wa Tippu Tip na Waliobeba Pembe



Vijana wetu wa hapa Igamba, kama walivyo vijana wa Mbozi nzima, hupenda mno habari za matajiri. Akitajwa mtu aliyeanza na mtaji mdogo, kisha akamiliki malori yavukayo mpaka wa Tunduma, kila mmoja hutega sikio. Hapana ubaya, biashara ni halali, na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliifanya. Lakini katika hao wanaosifiwa limo jina la Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, na wako Waislamu wamtajao kwa fahari kuwa ndiye shujaa aliyefungua Bara. Mtu huyu yatupasa sisi wenyewe tumtazame na upande wake wa pili, tusingoje kuelezwa na wengine.

Sifa zake si za uongo. Alikuwa jasiri na mwenye adabu kwa wageni. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimwamini akamkopesha mali nyingi. Alimsaidia Livingstone mwaka 1867, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni hazina ya lugha yetu. Na humo humo ndimo ulimo ushahidi, kwani mwenyewe hakuona la kuficha.

Tutazame habari ya Nsama, maana ni habari ya jirani zetu. Nsama alikuwa mtawala wa Itabwa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, nchi iliyo leo katika Zambia, magharibi ya Tunduma. Mwaka 1867 Tippu Tip alimwendea na bunduki zake. Yeye asema alifanyiwa hiana akajitetea. Nsama hakuacha kitabu, basi hatuna neno lake. Boma likavunjwa, na katika ghala zake zikatolewa frasila 1,950 za pembe, mbali na shaba. Frasila moja ni kadiri ya kilo 16, basi hizo ni kama tani 31. Mpagazi mmoja aliweza kuchukua frasila mbili hivi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chuoni aiweza: ni mizigo karibu 1,000, na kila mzigo una shingo yake.

Ni nani waliobeba? Tuseme haki: Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, wenye ujira wao. Lakini kadiri misafara ilivyozidi kuingia ndani, hata Manyema, ndivyo mizigo ilivyozidi kuwa juu ya mateka. Pembe zilipofika pwani zikauzwa Ulaya na Marekani, zikafanywa vitana, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Aliyekaa mbele ya piano hakumjua aliyeanguka njiani.

Yako mengine. Katika nchi ya Utetera palikuwa na mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada yake alitekwa zamani. Tippu Tip alipoipata habari hiyo alidai kuwa yeye ni mjukuu wa mwanamke yule. Mzee akafurahi kumpata wa damu yake, akamwachia ufalme. Jambo hili Tippu Tip alisimulia kama mtu asimuliavyo werevu wake. Sisi madrasani huliita uongo, na aliyedanganywa alikuwa mzee mwenye uchungu wa ndugu.

Wako watakaosema: utumwa ulikuwa desturi ya zama zile. Naam, ulikuwapo. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Onyo hilo lilikuwapo miaka zaidi ya 1,200 kabla ya Tippu Tip kuzaliwa. Na asije mtu akasema ilikuwa jihadi. Kilichotafutwa Itabwa ni pembe.

Wala Wazungu wasituonee fahari hapa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyepiga kelele juu ya utumwa wa Waarabu, mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip huyo huyo liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kisha dola yake ikawapiga Waarabu wa Kongo, na Sefu mwana wa Tippu Tip akafa katika vita hivyo mwaka 1893. Na wenyeji wakaonja mateso ya mpira. Dhulma ya Leopold haimsafishi Tippu Tip.

Mwenyewe alikwisha kurudi Unguja. Yasemwa kuwa kufikia mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Alifariki Juni 1905, na nyumba yake ingaliko Mji Mkongwe. Wageni huja kuutazama mlango wake wa nakshi.

Na wale watumwa? Majina yao karibu yote yamepotea. Lakini huku kwetu kusini-magharibi, mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika maisha ya wanawake wachache walionaswa katika biashara ya namna hii. Mmoja ni Chisi, aliyetekwa angali mtoto, akapitishwa mkono kwa mkono. Mwingine ni Narwimba, mama na bibi, aliyehangaika nchi kwa nchi akitafuta mtu wa kumlinda yeye na watoto wake.