Bati Haliui Papasi



Leo tuzungumze juu ya nyumba. Huenda utauliza: nyumba na ukurasa wa afya vinahusianaje? Nitakueleza niliyoyaona hapa Dodoma, kisha uamue mwenyewe.

Mama mmoja alifika katika zahanati yetu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Homa ilikuwa kali, na kichwa na viungo vilimuuma. Alisema homa ilikuja wiki iliyopita, ikapoa, sasa imerudi. Alikuwa amekwisha kumeza dawa ya malaria ya dukani. Tulipima damu yake kwa darubini tukaona vijidudu vya homa ya papasi. Tulimtibu, akapona. Lakini mtoto aliyekuwa tumboni alikufa.

Papasi ni kupe wa ndani ya nyumba. Ana rangi ya udongo, na mkubwa hulingana na punje ya mhindi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi ufani. Hauma kwa kishindo, kwa hiyo wengi hawamsikii. Anaweza kukaa miaka bila kula. Ukihamia nyumba ya zamani iliyokaa tupu, huenda yeye bado yumo anakungoja.

Kule Mvumi, wilaya ya Chamwino, waganga waliichunguza homa hii kwa miaka mingi. Wanaoumizwa zaidi ni wajawazito na watoto wadogo.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama. Ilikuwa tembe. Familia ililala chini, juu ya ngozi na magunia. Tulichimbua udongo kidogo katika ufa karibu na mahali walipolala watoto, tukawakuta papasi. Nilimwuliza baba, "Mzee wangu, mbona sakafu hii haikuzibwa?" Alijibu, "Kijana, kiwanja hiki nilikinunua kwa maneno. Sasa mpwa wa aliyeniuzia anasema ni chake. Nitawekaje saruji mahali ninapoweza kufukuzwa kesho?"

Hapo nilielewa. Ugonjwa ule ulianzia kwenye kiwanja kisicho na karatasi.

KWANZA, PATA KIWANJA KWA HAKI

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo. Kama unanunua kwa mtu, jambo hilo lipite katika halmashauri. Usimalizane na muuzaji chini ya mti.

Fanya hivi. Zungukeni mipaka pamoja na majirani. Waulize ndugu wa muuzaji kama wanakubali. Omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mke na mume waandikishwe wote wawili. Sheria hiyo inakataza mila inayomnyima mwanamke ardhi. Ukizuka ugomvi, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji.

Na wewe sasa unajua kusoma. Soma karatasi yote kabla ya kuweka sahihi. Usiharakishwe na mtu.

PILI, TAZAMA MAHALI

Kitazame kiwanja wakati wa mvua. Kiangazi, kila mahali ni pazuri. Je, maji ya mvua hutuama? Je, kuna korongo linalokula ardhi? Maji ya kunywa yako umbali gani? Choo kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30. Upepo mwingi wa Dodoma hutoka mashariki, kwa hiyo weka zizi na choo upande wa magharibi wa nyumba. Nzi huhamisha ugonjwa wa macho wa trakoma kutoka mtoto hadi mtoto.

TATU, JENGA KWA AKILI

Mimi ni kijana, sikuja kuwafundisha wazee ujenzi. Tembe ina hekima yake. Udongo mnene huzuia joto la mchana, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba huzuia baridi. Tena hauhitaji kuni za kuchomea matofali, na miti yetu ni michache. Nyumba ya bati isiyo na dari huwaka mchana na huganda usiku.

Basi tusiitupe tembe yote. Tuondoe makosa yake matatu: nyufa, giza na moshi.

Jenga kwa matofali mabichi ya udongo juu ya msingi wa mawe. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Siliba kuta mpaka ziwe laini, na zibe kila ufa mpya. Weka madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu. Ng'ombe na mbuzi walale nje. Jiko liwe chumba cha pembeni chenye tundu la moshi, na lijengwe jiko banifu badala ya mafiga matatu. Kuni zitapungua, na moshi katika vifua vya mama na watoto utapungua.

Watu wengi wakipata fedha kidogo hukimbilia bati, kwa kuwa linaonekana barabarani. Ndugu yangu, bati haliui papasi. Saruji ya kwanza iende sakafuni. Fedha ya pili inunue vitanda vyenye miguu, visivyogusa ukuta, na vyandarua vya kuchomeka chini ya godoro. Bati lije baadaye. Likija, lina faida ya maji: paa la mita 8 kwa 6 likinyeshewa mvua ya milimita 10 hukinga hadi lita 480, yaani madumu 24. Hayo ni maji ya kunawisha watoto nyuso.

UKIUGUA

Homa ikija, ikaondoka, ikarudi, nenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi homa ya papasi. Omba damu itazamwe kwa darubini. Dawa ipo na inaponyesha. Lakini unywe mbele ya mganga, kwa maana wengine huzidiwa saa chache baada ya dozi ya kwanza.

Yule baba sasa ameanza upya. Amepeleka jambo lake barazani, akisubiri usuluhishi. Wakati huohuo amesiliba nyufa kwa udongo na mchanga, kwa maana udongo haununuliwi. Mke wake alitafuta mchanga mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI
1. Je, kiwanja chako kina hati? Imeandikwa majina ya nani?
2. Leo usiku watoto wako watalala wapi, na ufa ulio karibu nao uko wapi?
3. Ukipata mfuko mmoja wa saruji, utaanzia wapi?