Kinyago cha Kimakonde: Kazi ya Unyago na Kazi ya Soko

Makala haya yanafafanua tofauti kati ya kinyago cha Kimakonde kilichochongwa kwa ajili ya ngoma na kile kilichochongwa kwa ajili ya watalii. Mara nyingi vyote viwili huitwa sanaa ya jadi. Hoja inayotetewa ni kwamba jina hilo moja huficha historia mbili.

Katika Uwanda wa Makonde, zilipo Newala na Tandahimba, barakoa ilikuwa sehemu ya jando na unyago. Neno kinyago lenyewe lina mzizi mmoja na unyago. Barakoa ilichongwa kwa mti laini na mwepesi kwa kuwa mchezaji aliivaa, na asiyepitia jandoni hakutakiwa kumjua aliyekuwa nyuma yake. Mwaka 1906 Karl Weule alifika Newala akikusanya vifaa kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Barakoa alizoondoka nazo zilitengana na ngoma yake, na siri yake ikawa maonyesho.

Kinyago cha mpingo kina asili nyingine. Kilistawi Dar es Salaam katikati ya karne ya 20, mikononi mwa wachongaji ambao wengi wao walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Mpingo ni mzito mno kuvaliwa, lakini kiini chake cheusi hung'aa kikisuguliwa kwa msasa, na wanunuzi walikipenda. Samaki Likankoa, aliyefanya kazi na mfanyabiashara Mohamed Peera, hutajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani. Mtindo wa watu waliobebana, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, uliitwa dimoongo, yaani nguvu. Baadaye ukajulikana kwa jina la ujamaa, lililochukuliwa kutoka katika siasa ya wakati huo.

Haifuati kwamba kazi ya soko ni bandia. Soko lilitoa nafasi, lakini ubunifu ulikuwa wa wachongaji wenyewe. Tofauti iliyopo ni ya kusudi, nayo ina uzito wa kisheria na kimaadili. Barakoa iliyoibwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 ilirejeshwa Tanzania mwaka 2010 kutoka makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Kinyago kilichonunuliwa kwa mchongaji wa Mwenge hakidaiwi hivyo, kwa kuwa aliyekichonga alikusudia kiondoke.

Kwa hiyo, kabla ya kukiita kinyago cha jadi, mtafiti hana budi kubainisha kilichongwa kwa mti gani, kwa ajili ya nani, na nani aliruhusiwa kukiona.